Noah imekufa giaboksi Konde: namna ya kuipandisha kwenye trela bila mtu kuumia

Swali: Assalaam alaykum fundi. Noah ya ami yangu, otomatiki, imekufa giaboksi na imelala nyumbani Konde tangu kabla ya masika. Fundi wa kuifungua yuko Chake Chake. Nimeazima trela bapa la ekseli mbili na pikapu ya kulivuta. Trela lina winchi ya mkono, ile ya kuzungusha waya kwa hendeli ili kuvuta mzigo, iliyoandikwa kilo 800. Ami anasema tusihangaike na winchi, tuite vijana kumi waisukume ipande, kazi ya dakika tano. Wengine wanasema tuivute kwa kamba tu mpaka Chake. Tairi moja la nyuma halizunguki. Nifanye vipi?

Jibu: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nianze na hili la kamba, maana ni jepesi kulijibu: msiivute. Giaboksi ya otomatiki ina pampu yake ya mafuta, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa huku matairi yanazunguka, gia za ndani zinasagana bila mafuta. Utasema giaboksi yenyewe imeshakufa, kuna hasara gani tena? Hasara ipo, kwa sababu fundi akiifungua huenda akakuta kilichoharibika ni kidogo na sehemu kubwa inafaa; mkishaiburuza kutoka Konde mpaka Chake, hicho kilichokuwa kizima nacho kitakuwa kimekwenda. Kubwa zaidi ni vilima. Pemba si tambarare kama upande wa kusini wa Unguja. Kwenye mteremko kamba inalegea, na gari isiyowashwa inaikimbilia ile iliyo mbele. Aliyekaa kwenye usukani wa gari bovu akikanyaga breki mara mbili tatu, msaada wa breki unakwisha, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao mzito. Basi trela ndilo jawabu, na ulilifikiria vyema.

Sasa vijana kumi. Namheshimu ami yako, na najua anachokisema kimefanyika mara nyingi katika vijiji vyetu. Nguvu ya kuisukuma Noah vijana wa Konde wanayo, sibishani na hilo. Lakini tazama wanaposimama. Wote kumi wako nyuma ya gari, miguu chini kwenye udongo, mikono juu ya bampa, na gari iko juu ya vipandio, vile vyuma vya kupandia trelani, inatafuta kurudi ilikotoka. Hakuna pahala pa kupumzika katikati. Mmoja akiteleza, tisa waliobaki wanabeba sehemu yake kwa ghafla, na wa pili akiachia, gari ya tani moja na nusu inarudi chini juu ya miguu na vifua vya waliobaki. Kusukuma kunataka watu wawe mahali pale pale gari itakapoangukia. Mimi sikubali kazi hiyo, hata wawe vijana ishirini. Waite, watakufaa sana kuisogeza gari kwenye ardhi tambarare mpaka ikae sawa mbele ya trela. Ikishagusa vipandio, wote waondoke nyuma.

Hilo ndilo la kushika kuliko yote nitakayokueleza: tangu tairi la kwanza lipande mpaka la mwisho lifungwe, asiwepo mtu yeyote nyuma ya gari wala mbele yake kwenye mstari wa waya. Kazi yote ifanywe kutokea ubavuni.

Kabla ya gari, litazame trela. Liwe na kibao au maandishi ya uzito linaoweza kubeba. Noah tupu ni karibu tani moja na nusu, na trela la ekseli mbili la namna hiyo kwa kawaida lenyewe lina kilo mia sita au saba, kwa hiyo pikapu inavuta zaidi ya tani mbili. Hakikisha pikapu inaweza hivyo na breki zake ni nzima. Pima upepo wa matairi yote ya trela. Tairi la trela linalokaa uani miezi mingi hulegea bila mtu kujua. Taa za nyuma ziwake.

Liunge trela na pikapu kabla hujalipandisha chochote, na funga ile minyororo miwili ya usalama kwa kuikatisha chini ya ulimi wa trela, kile chuma cha mbele kinachoungwa na pikapu. Nimeona watu wakipandisha gari kwenye trela lililosimama peke yake, na sijui wanategemea nini. Gari inapoanza kupanda, uzito wote unaangukia mkia wa trela, nyuma ya ekseli, na ulimi unataka kuruka juu. Hata likiwa limeungwa, mkia ukididimia unainyanyua pikapu kwa nyuma, na matairi yake ya nyuma, ambayo ndiyo yanayoshikwa na breki ya mkono, yanakosa kushika ardhi. Hapo trela, pikapu na Noah vinaweza kuondoka pamoja. Dawa yake ni ndogo: weka jeki mbili au magogo mawili mazito chini ya mkia wa trela, kulia na kushoto, karibu na vipandio, yaguse kabisa chuma cha chasisi. Pikapu itiwe gia na breki ya mkono, na matairi yake yawekewe kabari mbele na nyuma. Kwa kabari tumia mbao iliyokatwa pembe tatu. Mawe ya matumbawe tuliyonayo hapa yanapasuka na kuteleza.

Pahala pa kufanyia kazi pawe pagumu na tambarare. Kama pale nyumbani ni udongo wa kinamo na mvua imenyesha, usijaribu. Jeki zitazama na magogo yatazama. Wasukume Noah mpaka sehemu ya kichanga kilichoshindiliwa, au pembeni ya lami pasipopita gari. Wala usitafute mteremko wa kukurahisishia. Trela likiinamia mbele, gari ikishavuka ukingo itateremka kwa kasi kuelekea pikapu, na winchi haijui kuzuia gari inayoikimbilia.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo utajua kama winchi yako inatosha. Pima kwa futi kamba kimo cha sakafu ya trela kutoka ardhini, na urefu wa vipandio. Tuseme kimo ni sentimita 60 na vipandio ni mita 2. Gawa 60 kwa 200, unapata 0.3. Zidisha kwa kilo 1,500: winchi inabeba kilo 450 kwa sababu ya mwinuko peke yake. Ongeza kama kilo 45 za ugumu wa matairi kuzunguka, hapo tuko karibu kilo 500. Sasa lile tairi lisilozunguka. Linabeba takriban robo ya gari, kilo 375, na mpira unaoburuzwa juu ya chuma kikavu unaweza kudai hadi sehemu saba katika kumi ya uzito huo, yaani kilo 260 hivi. Jumla inafika kilo 760, na winchi yako ni ya 800. Tena namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya waya ukiwa karibu wote umefunguliwa, safu ya kwanza kwenye kigogo cha kuzungushia. Kila safu inapoongezeka, nguvu inapungua. Maana yake winchi inakuwa dhaifu zaidi mwishoni, gari ikiwa imeshapanda nusu, na hapo ndipo watu wanaposema «hebu tuisukume kidogo». Usifike hapo.

Njia za kupunguza mzigo ziko tatu. Ya kwanza, refusha vipandio: vikiwa mita 3, ule mwinuko unashuka kutoka kilo 450 mpaka 300. Mbao nene za mninga au za mnazi uliokomaa zinaweza kuwekwa mwanzoni mwa vipandio vya chuma ili gari ianze kupanda mapema, na hii inaokoa pia bampa ya mbele isigonge. Lakini mbao hizo zilale juu ya ardhi ngumu na zizuiwe zisisogee nyuma, wala zisiwe ndizo zinazobeba gari hewani. Ya pili, tumia puli. Puli inafungwa kwenye gari, waya unatoka kwenye winchi, unazunguka puli, unarudi kufungwa kwenye chuma imara mbele ya trela. Nguvu inakuwa karibu mara mbili, mwendo unakuwa nusu. Kwa mzigo wako mimi ningeitumia puli bila kufikiri mara mbili, mradi puli yenyewe iwe imeandikwa uzito inaoweza. Ya tatu ni kuliamsha lile tairi.

Gari iliyolala masika nzima, na hewa yetu ya chumvi, mara nyingi breki ya mkono ndiyo iliyonasa: viatu vya breki vimeganda na kutu ndani ya ngoma. Giaboksi haiwezi kulifunga tairi moja la nyuma huku mwenzake linazunguka. Weka kabari kwenye matairi mengine matatu, inua upande huo kwa jeki na uweke gogo la mti chini ya chasisi, usitegemee jeki peke yake. Achia breki ya mkono, legeza waya wake chini kama umekaza, kisha ugonge ngoma kwa nyundo kwa kuzunguka ukingo wake wa nje. Mara nyingi inaachia kwa mlio. Ikikataa, usivunje kitu. Kata kipande cha plastiki ngumu cha pipa, kikubwa kuliko tairi, kiweke chini ya tairi hilo ili liteleze badala ya kukwaruza. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba gari inayoteleza hairudi kwenye mstari wake kwa usukani, kwa hiyo nenda polepole zaidi.

Ndani ya gari, tia ufunguo na uuzungushe kidogo mpaka usukani ulegee, na uache hapo. Ukiutoa, usukani utajifunga na gari itakwenda upande mmoja ikiwa juu ya vipandio. Gia iwe N. Betri ikiwa imekufa, lever ya gia itakataa kutoka P. Tafuta kitundu au kifuniko kidogo karibu nayo, bonyeza kwa bisibisi nyembamba huku unaivuta. Fungua kioo cha upande wa dereva ili uweze kuushika usukani ukiwa nje. Kisha vijana waisukume kidogo mbele na nyuma kwenye tambarare. Ikisogea, tuendelee.

Pa kufunga ndoano ya winchi ni pete ya kuvutia. Kwenye Noah nyingi ama iko imechomelewa chini ya mbele, ama ni bolti yenye pete iliyohifadhiwa pamoja na jeki, unaisokota nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Isokote mpaka mwisho kabisa. Iliyobakia mizunguko miwili inapinda au inachomoka. Chini ya magari ya Japani utaona pia vijishimo na vindoano vilivyotumika kuifunga gari melini. Hivyo ni vya kuizuia isicheze, usivivutie. Na kamwe usifunge kwenye tairodi au kontro amu, yaani vyuma vya usukani na vya kushikilia matairi, wala kwenye bampa. Angalia pia kutu. Pete iliyokuwa imara ilipotoka Japani huenda sasa imebaki ganda, ukiikwaruza kwa bisibisi inamomonyoka. Ukiona hivyo, tafuta upande wa chasisi wenye chuma kizima na utumie mkanda mpana uliozungushwa hapo.

Upitie waya wote kwa macho kabla ya kuukaza, na uvae glavu za ngozi. Waya wenye nyuzi zilizokatika, uliopinda kwa kona au uliooza, weka kando. Kwenye kigogo cha winchi yabaki angalau mizunguko mitano ambayo haifunguliwi, maana msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaoshika. Ile skrubu ndogo ya mwisho haishiki chochote. Tandika blanketi zito au gunia la mchanga katikati ya waya. Ukikatika, uzito huo unauangusha chini badala ya kuruka.

Watoto watakuja kutazama, na hilo halina kuzuilika Konde wala kwengineko. Mpe mtu mzima mmoja kazi hiyo tu: awaweke mbali kuliko urefu wa waya uliofunguliwa, na asiitwe kusaidia kitu kingine.

Sasa zungusha. Hakikisha kile kijino cha chuma kinagonga kwenye meno ya winchi kila mzunguko. Mlio huo ndio breki yako. Hendeli ya winchi ya mkono huvunja mikono ya watu, kwa sababu mtu hukiinua kijino ili alegeze kidogo wakati mzigo uko kwenye waya, hendeli ikamponyoka na kurudi kwa kasi. Ukitaka kulegeza, kwanza matairi yapate kabari, gari ikae juu ya kabari, waya ulegee wenyewe, ndipo uguse kijino. Simama ubavuni mwa trela kadiri winchi inavyokuruhusu, kichwa kisiwe juu ya waya.

Msaidizi mmoja atembee pembeni ya tairi la nyuma na kabari iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. Kila gari inaposogea, naye anaisogeza kabari nyuma ya tairi kwa fimbo, mkono wake usiingie chini. Hivyo waya ukikatika gari inarudi sentimita chache na kusimama. Wapo wanaoweka mtu ndani ya gari ashike usukani na breki. Mimi silipendi hilo kwa gari yenu: breki ya mguu haina msaada, na ya mkono ndiyo mliyoigonga kwa nyundo saa moja iliyopita. Usukani ukihitaji kunyooshwa, simamisha, tia kabari, ingiza mkono dirishani, nyoosha, endelea.

Ikishapanda, pa kusimamia hapachaguliwi kwa kutazama tu. Ulimi wa trela uiegemee pikapu kwa sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote. Kwa tani mbili na kilo 200, hiyo ni kilo 220 hadi 330. Huna mizani ya kupimia, lakini pima kimo cha bampa ya nyuma ya pikapu kabla na baada: iwe imeshuka kwa kuonekana, na taa za mbele zisitazame mbinguni. Noah za zamani injini yake iko chini ya viti vya mbele na zinasukuma kwa nyuma. Zile za kuanzia 2001 injini iko puani. Kwa hiyo sentimita ishirini za kuisogeza mbele au nyuma zinabadilisha mambo. Ikiwa nzito nyuma, trela litaanza kuyumba barabarani, na likishaanza ni vigumu kulituliza.

Tia P, kaza breki ya mkono, weka kabari kwenye matairi yote, na funga mikanda minne ya racheti, kila tairi na wake, miwili ikivuta mbele na miwili nyuma. Mimi napendelea kufunga tairi kuliko kufunga chasisi, kwa sababu gari ikidunda kwenye springi zake, mkanda wa tairi haulegei. Soma lebo ya mkanda: uzito wa kutumia ni ule mdogo, ule mkubwa ni wa kukatikia. Usiupitishe kwenye ukingo mkali. Waya wa winchi uachwe umefungwa, lakini usiuhesabu kama mkanda. Toa jeki na magogo ya mkia kabla ya kuondoka.

Nendeni mchana. Kilomita 40 kwa saa inatosha, 50 kwenye pahala panyoofu. Baada ya kilomita chache simameni pahala tambarare mkaze mikanda upya, kwani lazima italegea mara ya kwanza. Mteremkoni shuka kwa gia ndogo tangu juu, usingoje katikati ndipo ukanyage breki. Trela likiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulionyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Na ikiwa ni msimu wa karafuu, watu wameanika kwenye majamvi kando ya njia na watoto wako hapo hapo. Trela ni pana kuliko pikapu unayoitazama kwenye kioo, na kwenye kona linakata ndani.

Ndani ya Noah asipande mtu, hata ami mwenyewe. Na akitaka kuitumia safari kupeleka mikungu ya ndizi Chake, ipakiwe kwenye pikapu. Ukiijaza nyuma ya Noah, ile hesabu ya ulimi niliyokueleza imekwisha.

Mkifika gereji, rudisheni magogo chini ya mkia, kabari kwenye pikapu, kisha kazeni waya wa winchi kabla ya kugusa mkanda wowote. Mikanda ifunguliwe waya ukiwa umeshaishika gari, ya nyuma kwanza. Kushusha ni kwa winchi vile vile, ikiwa ina breki ya kushushia. Ile yenye kijino tu haifai kushusha gari, na hapo mwombe fundi wa Chake winchi yake au mnyororo wake wa kuinulia, na Noah ikae juu ya trela mpaka apatikane.